Inazima Baada ya Daraja

Mtaa wa Matarawe hauna siri, na aliye nayo bora akaifukie shambani. Dorine aliipata habari ya nyumba yake mwenyewe kutoka kwa mteja, tena mteja wa kitunguu kimoja.

Alikuwa gengeni kwake, ameinamisha debe la mafuta ya kula anamimina kwenye kipimo, Mama Rosemary alipokuja akasimama mbele ya meza. Alichukua kitunguu, akakirudisha, akachukua kingine. Mtu anayechagua kitunguu kimoja muda wote ule hakuja kwa ajili ya kitunguu.

"Pole, Mama Yohanes," alisema.

"Pole ya nini, jirani?"

"Ah. Kumbe hujaambiwa. Basi mimi sijasema kitu."

"Umeshasema. Malizia."

Mama Rosemary akatazama kushoto na kulia, ndivyo ilivyo desturi yake, kisha akasogea karibu. Akasema yule mwalimu anayefundisha Mpitimbi, mpangaji mgeni aliyetoka Tunduru, Mwalimu Sabra, amekataa kubebwa tena na Osmund, mume wa Dorine, kwenye bodaboda yake. Amekwenda kijiweni kulalamika. Kwamba Osmund anamsimamishia pikipiki porini alfajiri, baada ya daraja la mbao, pale pasipo nyumba wala mtu, anajifanya imezima. Anashuka, anafungua tenki, anachungulia, anafunga, anapiga kiki mara moja, inawaka.

"Sasa niambie, jirani," Mama Rosemary alisema kwa upole kabisa, "pikipiki gani hiyo inayozima mahali pamoja kila siku, tena ikiwa imebeba mwanamke? Vijana wameshamvua kizibao tangu juzi. Jumamosi mwenyekiti wao anatoa uamuzi."

Mafuta yalikuwa yamejaa kipimo yakaanza kumtiririkia Dorine mkononi, naye hana habari. Mama Rosemary ndiye aliyeinua debe. Kisha akalipia kitunguu chake akaenda zake, kazi yake imekwisha.

Anayedhani kizibao ni nguo tu hajaishi na mwendesha bodaboda. Kile cha kijiwe kina namba, na asiye na namba hana pa kuegesha Songea nzima. Anayefukuzwa kwa ugomvi anaweza kupokelewa kijiwe kingine. Anayefukuzwa kwa jambo la mwanamke hapokelewi popote, maana wenyeviti wa vijiwe wanapigiana simu. Hata hivyo kazi mtu anaweza kutafuta nyingine. Jina la mtu anayevizia wanawake porini ndilo Dorine aliloliogopa, kwa sababu hilo hata Yohanes, mtoto aliyekuwa bado anajifunza kusoma, angelirithi.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba juzi alipouliza kizibao kiko wapi, Osmund alimjibu kimelowa na mvua, amekiacha kijiweni kikauke.

*

Osmund alirudi jioni mvua imeshika kasi. Aliisukuma pikipiki mpaka chini ya upenu, akaiegemeza ukutani. Ilikuwa pikipiki ya zamani, ya marehemu baba yake, rangi ya tenki imebabuka na kiti kimeshonwa mara nyingi. Dorine hakumpokea koti.

"Kizibao kimekauka?"

Osmund akajua. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuvua viatu vyenye tope, kimoja, halafu kingine, polepole.

"Nani kakwambia?"

"Mtaa. Wewe ulitaka niambiwe na nani?"

"Nilitaka nilimalize mwenyewe kwanza."

"Ulimalize kwa kunidanganya?"

"Dorine, inazima. Mungu shahidi yangu, inazima kweli. Ukivuka daraja la mbao ukaanza kupandisha, mlio unabadilika, nguvu inapungua, inakohoa, basi. Nafungua kifuniko nione kama mafuta yapo, maana geji ilikufa zamani. Mafuta yapo. Nafunga, napiga kiki, inawaka, inakwenda mpaka shuleni bila taabu."

"Na ukiwa mjini?"

"Mjini haizimi."

"Kwa hiyo inazima ukiwa na mwalimu tu."

Osmund akakwangua tope kwenye kiatu. Yeye mwenyewe alijua jinsi maneno yake yanavyosikika.

"Niwashie," Dorine alisema.

Akapiga kiki moja. Pikipiki ikawaka ikanguruma vizuri, sauti imetulia. Dorine akasimama mlangoni amekunja mikono, anaisikiliza, na moyoni anaiomba izime. Aliiomba hivyo mpaka maji ya ugali yakachemka. Haikukohoa hata mara moja. Osmund akaizima mwenyewe kwa aibu.

"Mwanangu hana tabia hiyo," sauti ilisema kutoka jikoni. Alikuwa Mama Theodosia, mama yake Osmund, mjane aliyekuwa akikaa nao. "Baba yake hakuwa nayo, na yeye hana."

"Sijasema anayo, mama."

"Hujasema. Lakini unaisikiliza pikipiki kama unasikiliza kesi."

Radi ikapasuka upande wa milima ya Matogoro. Mama Theodosia akainuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na mshumaa wake. Ulikuwa mshumaa uliobarikiwa kanisani siku ile ya Februari wanapobariki mishumaa, naye aliutunza pamoja na rozari. Katika nyumba ile mshumaa huo ndio uliokuwa kinga. Uliwashwa kwa radi, uliwashwa kwa mgonjwa, na kwa safari pia. Akauwasha, akausimamisha dirishani, akasali kwa Kingoni midomo ikicheza bila sauti. Dorine alimtazama akaona wivu kidogo, kwa sababu yule mama hakuwa na shaka na mtu aliyemzaa. Yeye alikuwa nayo.

*

Kesho yake wakaenda kwa Beda, fundi wa Mfaranyaki. Dorine alifunga genge akafuatana na mumewe, maana alitaka kuona kwa macho yake.

Beda ni fundi mzuri, hilo hakuna anayelikataa, ila mdomo wake nao unafanya kazi. Alilitoa tenki akaliweka pembeni juu ya gunia. Akafungua kabureta, akatoa jeti, ile ncha yenye kitundu cha kupitishia petroli, akaipuliza kwa mdomo akaitazama kwenye mwanga. Akatikisa boya linaloruhusu mafuta kuingia akaona linapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Akasafisha chujio, akasugua plagi. Kisha, kama mafundi wengi wanavyofanya wakiwa na haraka, hakuhangaika kurudisha tenki. Alitundika chupa ya petroli kwenye usukani, akaunganisha mpira mwembamba mpaka kwenye kabureta, akawasha. Pikipiki ikaunguruma kwa mafuta ya chupa mpaka Beda akamaliza kula kipande chake cha muhogo.

"Mama," alimwambia Dorine huku akifuta mikono, "kabureta hii imeoga kuliko mimi. Haijaziba, haifuriki. Mashine haina ugonjwa."

"Inazima njiani," Osmund alisema.

"Njia ya wapi, kaka?"

Hakuna asiyejua ni njia ya wapi. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye matairi wakatazamana.

"Basi labda," Beda akaendelea, "tumfungue abiria, tuone jeti yake."

Wakacheka. Osmund akatazama chini, mtu mzima na ndevu zake, anahesabiwa makosa na watoto. Dorine alitaka kusema neno. Lakini ukitaka kumtetea mtu ni lazima kwanza wewe uwe umeamini, na Dorine hakuwa amefika hapo. Akalipa, akasema asante, wakaondoka.

Walipofika nyumbani Dorine akasimama mbele ya mumewe.

"Kesho alfajiri utanibeba mimi."

"Kwenda wapi?"

"Mpitimbi. Saa ile ile uliyokuwa unambeba yeye. Uweke mafuta pale pale unapowekaga, kiasi kile kile. Usibadilishe kitu."

*

Ijumaa wakaondoka kukiwa bado na ukungu. Dorine alikaa upande, kama anavyokaa mwalimu na baibui lake, ameshika chuma cha nyuma. Walijaza mafuta kituoni, kifuniko kikafungwa, wakaiacha lami. Mashamba ya mahindi yakapita, nyumba zikaanza kuachana, kisha zikakoma. Njia yote Osmund hakuwa na sababu ya kufungua tenki, na hakulifungua.

Wakavuka daraja la mbao. Mbao zikagonga chini yao moja baada ya nyingine. Pikipiki ikashika kilima, miombo imesimama pande zote mbili, na hapo Dorine akasikia mlio ukibadilika. Nguvu ikapungua. Ikakohoa. Ikaenda kidogo kwa kuvutika, ikafa.

Kukawa kimya. Ndege wenyewe hawajaamka vizuri.

Osmund akashuka. Dorine naye akashuka, na ndipo jambo ambalo hakulitegemea likamkuta. Alitazama mbele hakuona nyumba, akatazama nyuma hakuona mtu. Mbele yake alisimama mwanaume mwenye koti jeusi, uso haujaonekana vizuri kwa giza, anasema, "Imezima." Alikuwa mume wake wa ndoa ya kanisani. Dorine akarudi nyuma hatua moja.

Osmund aliiona ile hatua. Alisogea upande wa pili wa pikipiki, kana kwamba anataka chuma kiwe katikati yao, akashika kifuniko cha tenki akakizungusha.

Fyuuuu.

Sauti ndogo, ya kitu kinachovuta hewa ndani.

"Umesikia?" Dorine aliuliza.

"Nini?"

"Hapo ulipofungua. Limevuta pumzi."

"Lina mlio huo siku hizi. Naona ni kwa sababu ya mpira mpya wa kifuniko. Niliweka mvua zilipoanza, maji yasiingie." Akachungulia. "Mafuta haya hapa, tazama."

Lakini Dorine hakuwa anatazama mafuta. Sauti ile aliijua. Aliisikia kila alipofungua debe jipya la mafuta ya kula gengeni. Ukilitoboa debe tundu moja tu, mafuta yanatoka kidogo kisha yanagoma, hata uligeuze chini juu. Mpaka utoboe tundu la pili lipate kuvuta hewa, ndipo yamiminike. Kila mwenye genge anajua hilo, hata asiyejua kusoma.

"Tenki linapumulia wapi?" aliuliza.

"Linapumua?"

"Mafuta yakishuka, hewa inaingilia wapi?"

Osmund akafikiri. "Kwenye kifuniko. Kuna kitundu katikati, kidogo kama cha sindano."

"Nionyeshe."

Akampa kifuniko. Dorine akakiinua kwenye mwanga uliokuwa unaanza. Katikati, mahali pa kitundu, palikuwa na kitu cheupe kilichoganda, kimetanda na kuingia mpaka ndani.

"Hii nini?"

"Nta ya mama," Osmund alisema. "Usiibandue."

Dorine akamtazama. "Ulijua ipo?"

"Naijua, mbona. Ya ule mshumaa. Yule kijana wa kijiweni kwetu alipokufa barabarani, mama hakulala. Aliporudi na mshumaa kutoka kanisani akadondoshea hapo matone, akasali, nisipate ajali. Na ilipoanza kunizimia nikamwambia." Akasita. "Akaongeza."

"Akaongeza."

"Ndiyo."

Dorine akachomoa pini kwenye kilemba chake. Osmund akamshika mkono.

"Dorine, hiyo ni baraka."

"Baraka imekaa kwenye pua, Baba Yohanes. Debe lako haliwezi kupumua. Mjini haizimi kwa sababu kila ukikaa kijiweni unafungua kuangalia mafuta. Huku hufungui mpaka ife. Nawe ukishafungua limepumua, kwa nini isiwake?"

Mkono wa Osmund ukalegea. Dorine akaikwangua nta kwa pini, polepole, hakuitupa, akaifunga kwenye ncha ya khanga. Akapuliza kitundu mpaka pumzi ikapita. Wakaenda mpaka Mpitimbi, wakarudi mpaka mjini, wakageuza wakaenda tena mpaka juu ya kile kilima na kukipita. Haikuzima.

Ndipo Osmund akaisimamisha mwenyewe, akakaa kando ya barabara kwenye majani yaliyolowa, akalia. Dorine alimwacha alie. Alikuwa na deni lake, ile hatua moja, na hakujua ataisemaje.

"Nilikuogopa," alisema mwishowe.

"Niliona."

"Nisamehe."

"Hata mwalimu aliogopa hivyo hivyo," Osmund alisema. "Nami nilikuwa namkasirikia."

*

Mtu angedhani mambo yamekwisha. Hapo ndipo yalipoanza upya, maana Jumamosi ilikuwa kesho.

"Nitasema ni uchafu," Osmund alisema. Walikuwa nyuma ya nyumba, wananong'ona. "Uchafu uliziba kitundu, tumeutoa, basi."

"Uchafu ambao Beda hakuuona?"

"Beda hakuligusa tenki."

"Wataamini kwamba umetunga. Sema ukweli."

"Niseme mama yangu anaweka vitu kwenye pikipiki? Mjane, mzee, mbele ya vijana wale?" Osmund aligeuka. "Hawatasema mshumaa wa kanisani. Watasema mama yake anazindika pikipiki, na mwaka huu amekufa kijana kijiwe kile kile. Hujui watu wanavyounganisha? Bora wanifukuze. Mimi nina miguu, nitaondoka. Yeye ataondoka aende wapi?"

Dorine akatazama paa la nyumba yao. Alikuwa amekuja mtaa ule kama bibi harusi, na aliwahi kuona kikongwe mmoja akichomewa paa kwa maneno machache kuliko hayo.

Walipozunguka mbele walimkuta Mama Theodosia amesimama chini ya upenu, mkono wake juu ya kifuniko cha tenki.

"Nta iko wapi?"

"Mvua imeiosha, mama," Osmund alisema.

Mama Theodosia akapitisha kidole kwenye kitundu. "Nta haioshwi na mvua," alisema. Akaingia chumbani kwake, na jioni ile hakutoka kula. Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Kabla jua halijazama Dorine alijitanda khanga akaenda kwa Mwalimu Sabra.

Alimkuta anasahihisha madaftari mlangoni pa chumba chake. Sabra alipomwona akasimama, na Dorine akaona jinsi mkono wake ulivyokwenda haraka kwenye komeo la mlango.

"Sikuja kwa ugomvi, mwalimu."

"Karibu, dada. Sina cha kukupa, nimefunga Ramadhani."

"Sihitaji kitu."

Sabra akakaa, akaweka kalamu chini. "Mimi sijasema mumeo amenigusa. Watu wameongeza. Siku ya kwanza ilipozima nilimpa pole. Ya pili nikasoma dua. Ya tatu niliokota jiwe nikalishika mkononi chini ya baibui mpaka tukafika shuleni. Nifanye nini? Ningoje mpaka jambo litokee ndipo niseme?"

"Hapana. Umefanya sawa."

Sabra akainua uso, hakutegemea hilo.

"Leo alfajiri nilikaa mahali pako," Dorine alisema. "Ilipozima nikatazama huku na huku. Ni mume wangu, mwalimu, na niliogopa. Kwa hiyo sitakuambia hukuwa na haki. Nakuomba kitu kimoja. Kesho mwenyekiti wa kijiwe, Hironimus, anakuja nyumbani kutoa uamuzi. Njoo na wewe. Usiseme chochote, uone tu."

Sabra akafunga daftari lililokuwa mbele yake. Sauti za watoto zilisikika bombani.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nikiona uongo, nitasema ni uongo."

*

Hironimus alifika asubuhi jua limetoka, kizibao cha Osmund amekikunja kwapani. Ni mtu mzito, hana haraka, na hapendi kazi aliyokuja kuifanya. Sabra alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, ameinamisha kichwa. Nje ya ua majirani walikuwa wamepata shughuli ghafla, na Mama Rosemary alikuwa anachambua mboga amesimama.

Osmund akaeleza. Kitundu, kifuniko, hewa. Alieleza vizuri, mpaka Hironimus akainama kukitazama kifuniko.

"Kilizibwa na nini?"

"Uchafu."

"Uchafu uko wapi?"

"Tumeutoa."

"Kwa hiyo sasa haizimi."

"Haizimi, mwenyekiti."

Hironimus akapumua. "Osmund, ndugu yangu. Mtu akituhumiwa analeta ushahidi. Wewe unaniletea pikipiki nzima. Nirudi kijiweni niwaambie nini? Kwamba palikuwa na uchafu, ameuona yeye na mkewe?"

"Tuzibe tena kwa sabuni," Dorine alisema. "Upande nyuma, uone."

"Sabuni utaweka wewe leo, shemeji. Mimi nauliza juma lile palikuwa na nini. Huyu mwalimu ni mgeni wetu, amesema anaogopa, nami siwezi kumjibu kwa sabuni."

Dorine akashika ncha ya khanga yake, pale palipofungwa nta. Akafungua mdomo.

"Dorine," Osmund alisema taratibu.

Akaufunga. Akamwona Sabra anainua kichwa, anamtazama Osmund, kisha yeye, anatafuta ni nini wanachokificha. Sasa anaona uongo, Dorine aliwaza. Sasa tumekwisha.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama Theodosia akatoka, amevaa khanga zake za kanisani, mshumaa mkononi.

"Mama, rudi ndani," Osmund alisema.

"Nirudi ndani kwangu, au kwenu?" Akaja mpaka kwenye pikipiki. "Hironimus, ulikuwa unauliza palikuwa na nini. Palikuwa na hii. Niliiweka mimi kwa mkono wangu. Mshumaa wa kanisani, uliobarikiwa mbele ya watu wote. Nilimwekea mwanangu asife kama yule mwenzenu. Sikujua chuma nacho kinapumua." Akageuka, akawatazama waliokuwa nje ya ua mmoja mmoja. "Anayetaka kusema ni uchawi aseme sasa, mimi nikiwa hai, nisikie."

Mama Rosemary akaangusha jani la mboga akaliacha hapo hapo.

Hironimus akavua kofia. "Mama, hata kwetu mama ana mshumaa wake. Anauwasha kwa radi."

"Basi. Dorine, nipe kiberiti."

Dorine akampa. Yule mama akawasha; kijiti cha kwanza kikazima, cha pili kikashika. Akauinamisha mshumaa juu ya kifuniko. Tone likaanguka kwenye kitundu, likaganda, juu yake lingine. Midomo yake ilianza kucheza kwa mazoea, kisha ikasimama.

"Siku zile nilisali isizime," alisema, haikujulikana anamwambia nani. "Leo sijui nisali vipi."

Akasali hata hivyo.

Osmund akapanda. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujali. Hironimus akakaa nyuma, pikipiki ikashuka chini ya uzito wake, wakapitia kituo cha mafuta kujaza, kama siku zote, wakaenda.

*

Kungoja ni kazi, tena haina mshahara. Dorine alitandika mkeka. Akamwambia mwalimu karibu chai, akakumbuka, akaomba radhi.

"Nami nimefunga," Mama Theodosia alisema. "Tukae tu."

Wakakaa. Dorine alikuwa anaisafiri ile njia kichwani. Sasa wameacha lami. Sasa wako mashambani. Je, nta ilishika? Je, ikipasuka kwa mtikisiko? Isipozima, mumewe atarudi mwongo, na mama mkwe wake atakuwa amejivua nguo mbele ya mtaa bure. Hakuwahi kufikiri kwamba ataomba chombo kinachowalisha kiharibike njiani. Aliomba kwa moyo wote.

"Uliogopa sana, mwanangu?" Mama Theodosia alimuuliza Sabra.

"Niliogopa, bibi."

"Nisamehe. Nilikuwa nazuia kifo, nikakuletea hofu."

Sabra akatazama mikono yake. "Mama yangu kule Tunduru alininunulia hirizi nikaikataa," alisema. "Akaishonea ndani ya mkoba wangu. Anadhani sijui."

Mama Theodosia akacheka kidogo, kicheko cha puani.

Jua likapanda. Majirani hawakuondoka. Mara wakasikia mlio kutoka mbali, ukakata kona ya mtaa, ukaja. Dorine akasimama.

Hironimus ndiye aliyekuwa anaendesha. Osmund alikaa nyuma kama abiria, na mwilini alikuwa amevaa kizibao.

Kabla Dorine hajavuta pumzi, kabla mwenyekiti hajazima injini na kumgeukia mwalimu, Mama Theodosia alikuwa ameshainuka kwenye mkeka, mkono kifuani.

"Imezima?"

"Imezima, mama," Osmund alisema. "Pale pale."

Yule mama akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Kisha akamnyooshea Dorine mkono akamwomba ile pini, akainama juu ya tenki, akaanza kuikwangua nta yake mwenyewe.